Akimaanisha Mdai

Alichosema Ndeanasia mbele ya foleni ya kahawa,
macho yakiwa kwenye magunia, si kwa mtu,
ni hiki tu: "Mwaka huu
hata panya wa ghalani wameezeka bati."

Aikaruwa, karani wa mizani,
alikuwa na wiki mbili tangu aezeke. Bati la bluu,
la migongo mipana, linaonekana hadi ng'ambo ya korongo.
Watu hawakucheka. Wangecheka, yangekwisha.
Walikohoa.

Ndiyo tukafika Moshi mjini, chumba namba mbili,
mimi mkalimani, ndani ya koti la marehemu baba, mwezi wa saba,
mlima umejifunika wiki ya tatu.
Hati ya madai imeandikwa Kiingereza, kurasa tisa,
na kwenye ukurasa wa nne neno lililonisimamisha
kama ng'ombe mbele ya daraja la mbao:
inuendo.

"Mkalimani," akasema hakimu, "tunakusubiri."

Nikapekua chini ya ulimi.
Fumbo? Fumbo lina adabu, linakuomba ulifumbue.
Dongo? Mrusha dongo huonekana, vidole vimechafuka.
Kijembe nilikishika, nikakirudisha alani:
kijembe hukata, na aliyekatwa huonyesha damu.
Hapa nani angeonyesha jeraha
bila kuonyesha na mkia?

Wakili Mtenga, aliyezaliwa awe mwalimu,
akavua miwani akanihurumia.
Neno hili, akasema, ni la Warumi,
na mzizi wake uko shingoni:
kuinamisha kichwa kuelekea upande fulani.
Makarani wa Uingereza wakaliazima zamani zile,
wakawa wanalichomeka katikati ya sentensi
pale tusi lilipokosa jina.
Amesema kuna mwizi kanisani, akimaanisha mdai.
Hilo "akimaanisha" ndilo lenyewe.
Kumbe lilikuwa kidole! Lilikuja kufunua.
Likakaa sana na matusi yaliyojifunika,
siku moja watu wakaligeukia tusi lenyewe
wakaliita kwa jina la kidole.

Nilimsikia nikamtazama Aikaruwa,
miaka kumi na moja anapima vya wenzake,
nikawaza, bila ushahidi wowote,
jinsi kazi inavyoweza kumnyemelea mtu.

Nikatafsiri: "Mheshimiwa, wanadai mama huyu alitikisa kichwa."

"Sikutikisa!" Ndeanasia akasimama.
"Shingo hii imekaza tangu Pasaka,
waulizeni Mawenzi, cheti ninacho!"
Na akakitoa kweli, kimekunjwa mara nne
pamoja na risiti ya dawa ya kuku.

Hakimu akangoja vikohozi viishe.
Kisha kwa Aikaruwa, polepole, karibu kwa upole:
"Mama, wewe ulijuaje
kuwa panya ni wewe?"

Sijawahi kutafsiri kimya. Kile kilikuwa kirefu,
na hakikuwa cha Kichagga wala cha Kiswahili.

Tukaahirishwa hadi tarehe kumi na nne.
Koridoni, kwenye benchi alipokuwa ameketi Aikaruwa,
mtu alikuwa ameweka jani la sale,
bichi, limekatwa asubuhi, bado lina umande.
Kwetu jani hilo husema nisamehe,
na anayelipewa hana ruhusa ya kukataa.
Lakini hakuna aliyemkabidhi. Lililazwa tu,
ncha yake imeelekea mkoba wake.
Akalitazama kwa muda wa mtu anayesoma barua.
Akalichukua. Au alilisogeza apate pa kukaa;
mlango ulikuwa unafungwa, sikuona vizuri.

Hakuna aliyeniita nitafsiri.

Kwenye kitabu cha mahakama, mstari wa sita,
nimeacha nafasi ya upana wa neno moja.
Karani wa masijala ameniuliza mara mbili niandike nini pale.
Mara ya kwanza nilisema wino umekwisha.
Mara ya pili nikageukia dirisha,
wingu lilikuwa limepasuka kidogo upande wa Kibosho,
na chini kabisa ya mlima, padogo kama kucha,
palikuwa na bluu.